Kivuli cha Kitalu: Nguo, Ushuru na Haki

Neno ushuru limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni hesabu tupu: sehemu moja ya kumi. Abu Yusuf, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 798, anasimulia katika Kitab al-Kharaj kwamba Abu Musa al-Ash'ari alimwandikia Khalifa Umar kumjulisha kuwa wafanyabiashara Waislamu waingiapo nchi za wageni hutozwa moja ya kumi ya bidhaa zao. Umar akamjibu kwamba naye awatoze wageni hao kama wanavyotoza wao. Kwa masimulizi haya, ushuru haukuanza kwa ajili ya kumlinda mfumaji au mhunzi. Ulianza kwa kulipana sawa kwa sawa. Na zama hizo hizo wanazuoni walikuwa na neno jingine, maks, la tozo linalochukuliwa bandarini au njiani pasipo haki, nao wakalilaani kwa ukali. Kwa hivyo tangu mwanzo mkono uliopokea fungu la forodha ulikuwa ukitazamwa kwa macho mawili, moja la haki na moja la shaka.

Zama zetu zimeongeza sababu nyingine. Siku hizi serikali hutoza ushuru si kwa kutafuta fedha tu, wala kwa kulipiza tu, bali ili bidhaa ya mgeni iwe ghali na ile ya nyumbani ipate pa kupumulia. Huenda msomaji akashangaa kukuta habari za forodhani katika kurasa zilizozoea mizani na vina. Lakini ushuru huu unamgusa zaidi mvaa nguo, na sisi watu wa visiwani na pwani tumeijua dunia kwa nguo kabla ya kuijua kwa ramani. Nataka kuuliza jambo moja: je, ni haki kumwongezea bei mnunuzi maskini ili mfanyakazi wa kwao apate kazi? Na ikiwa ni haki, ni haki ya namna gani?

Tuanze na merekani. Jina lenyewe linasema lilikotoka. Tangu miaka ya 1820 merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja kuchukua pembe, sandarusi na ngozi, na kadiri miaka ilivyokwenda zikawa zinaleta kitambaa cha pamba kizito, kisichotiwa dawa ya kukifanya cheupe. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini huko Maskati mkataba na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, na katika mkataba huo ushuru wa bidhaa za Kimarekani ulifungwa kwenye asilimia 5. Nusu ya moja ya kumi, wala si zaidi. Waingereza wakapata kiwango hicho hicho mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Sayyid hakuona kwamba ametoa kitu. Mapato yake yalitegemea wingi wa mizigo, na bandari yenye ushuru mdogo huvuta vyombo. Merekani ikaenea, ikavuka bahari hadi Bagamoyo na Pangani, ikapanda bara kwa misafara, ikawa ndiyo sarafu. Safari ilihesabiwa kwa majora, hongo ililipwa kwa doti. Ikitiwa rangi ya nili ikawa kaniki.

Yote haya msomaji huenda anayajua. Ambalo halisemwi sana ni namna kitambaa hicho kilivyokua kwao. Mwaka 1816 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya ushuru wa asilimia 25 juu ya nguo za pamba za kigeni, na ndani yake mkatiwa hila moja: kitambaa chochote kilichonunuliwa kwa bei iliyo chini ya senti 25 kwa yadi kilihesabiwa kana kwamba kimenunuliwa kwa senti 25. Tuchukue kitambaa kizito cha Kihindi kilichonunuliwa kwa senti 8. Ushuru wake ukawa zaidi ya senti 6, yaani zaidi ya robo tatu ya bei yake. Kwa maneno machache, kitambaa cha maskini cha kutoka India kilifungiwa mlango, na viwanda vya Massachusetts, vilivyofuma kitambaa cha namna hiyo hiyo, vikapata soko lisilo na mshindani. Mmoja wa waliokwenda mji mkuu kuishawishi serikali alikuwa Francis Cabot Lowell, mwenye kiwanda cha Waltham. Miaka kumi na saba baadaye, mjumbe wa nchi hiyo hiyo akatia saini Maskati kwamba ushuru usizidi asilimia 5.

Wala Wamarekani hawakuwa wa kwanza. Uingereza ilipiga marufuku kuingiza vitambaa vya Kihindi vilivyotiwa nakshi kwa sheria ya mwaka 1700, na mwaka 1721 ikakataza hata kuvivaa. Mashine za Lancashire zilipokwisha kupata nguvu, Waingereza wakageuka wahubiri wa biashara huru, na mwaka 1896 wakaifanya India, iliyokuwa chini yao, itoze kodi ya asilimia 3.5 juu ya nguo za viwanda vyake yenyewe, ili nguo za Lancashire zilizotozwa kiwango hicho hicho forodhani zisionekane zimeonewa. Nimefasiri maandiko mengi katika maisha yangu, lakini sijapata kukutana na maana ya "usawa" iliyopindwa kuliko hii.

Je, basi, merekani ilikuwa biashara ya dhulma? Kwa bei yake, huwezi kusema. Ilikuwa nzuri, ngumu, na rahisi, na watu wetu waliipenda kwa hiari yao. Lakini pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini ya Marekani, wasiolipwa, na bei ile rahisi ilitokana kwa sehemu na mshahara ambao haukutolewa. Nasi tusijitoe. Merekani ilipofika bara ilibadilishwa kwa pembe na kwa watu, na watu hao wakaletwa kuchuma karafuu za Unguja na Pemba. Kitambaa kimoja kiliunganisha utumwa wa pande mbili za dunia, na katika leja ya karani wa forodha hapakuwa na alama yoyote ya kuonyesha hilo. Karani aliandika idadi ya marobota na thamani yake. Hapa ndipo ninapoanza kutilia shaka mazungumzo mepesi kuhusu "bei ya haki". Bei haisimulii nyuma yake.

Pwani hii nayo ilikuwa na wafumaji wake. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, alieleza kuwa vitambaa vya mji huo vilipelekwa hadi Misri. Wareno wa karne ya 16 waliijua Pate kwa hariri zake. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba. Sikusudii kusema kwamba merekani peke yake ndiyo iliyoua yote haya. Vita vya Pate viliumiza, na biashara ya Kihindi ilikuwapo kabla ya Wamarekani. Tena wafumaji wa Benadir hawakufa mara moja. Walishika vitanda vyao vya mfumi kwa miaka mingi, wengine wakitumia uzi wa kuagizwa. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyewauliza. Ulipofungwa mkataba wa asilimia 5, mfumaji hakuwa miongoni mwa walioketi. Walioketi walikuwa mtawala na mfanyabiashara, na kila mmoja alipata alilolitaka.

Hoja ya kumlinda mfumaji ni ya zamani. Alexander Hamilton aliiandika mwaka 1791 na Friedrich List akaieneza mwaka 1841, lakini mkulima yeyote wa Pemba angewafundisha wote wawili kwa kuwapeleka kwenye kitalu cha mikarafuu. Mche wa mkarafuu haupandwi jua kali tangu siku ya kwanza. Huwekewa kivuli cha makuti, hunyweshwa, na kadiri unavyokua makuti yale hupunguzwa kidogo kidogo hadi mche uzoee jua, ndipo uhamishiwe shambani. Mkulima hafichi mche kivulini kwa sababu jua ni adui. Anauficha kwa sababu muda wake bado. Na anajua kwamba mche ukibakizwa kivulini kupita kiasi utarefuka bila ya nguvu.

Mfano huu nauona mzuri, ila una upungufu mmoja ambao wachumi huupita haraka: makuti ya kivuli hicho yametoka wapi? Katika kitalu cha karafuu, mkulima ameyasuka mwenyewe. Katika kitalu cha viwanda, makuti yametolewa kwenye mapaa ya watu. Kila asilimia ya ushuru ni kuti moja lililong'olewa juu ya nyumba ya mtu anayenunua shuka, sare ya mtoto au doti ya kanga. Tajiri haoni pengo, kwa kuwa paa lake ni la bati. Anayenyeshewa ni yule ambaye nguo ni fungu kubwa la matumizi yake.

Sisi tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunakumbuka mwisho wa njia hiyo. Viwanda vilikuwapo. Urafiki, uliojengwa kwa msaada wa China, ulikuwa umefunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na vingine vikafuata. Bidhaa za nje zilizuiliwa karibu zote, si kwa ushuru tu bali kwa uhaba wa fedha za kigeni baada ya vita vya 1978 hadi 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta. Nguo za nyumbani zilikingwa kabisa, nazo hazikuonekana. Mashine zilisubiri vipuri. Kanga iligawiwa kwa foleni na kwa kujuana. Mama zetu walivaa viraka juu ya viraka, kisha mwaka 1984 milango ikaanza kufunguliwa na nguo zikaja, mpya na kuukuu. Atakaye kumlaumu aliyekimbilia mtumba siku zile na aseme angemvika nini mwanawe.

Na mtumba ndio mtihani mgumu zaidi wa fikra hizi, mgumu kuliko merekani. Sheria ya biashara ya dunia, tangu mkataba wa mwaka 1947, inamruhusu anayeumizwa kutoza ushuru wa ziada pale mgeni anapouza ng'ambo kwa bei iliyo chini ya ile ya nyumbani kwake na kuviumiza viwanda vya wengine. Kwa Kiswahili cha kawaida tungesema: anamwaga bidhaa. Kipimo chake ni kulinganisha bei mbili. Lakini nguo ya mtumba nyumbani kwake haina bei ya kulinganisha. Mwenyewe ameiweka ndani ya mfuko, akaipeleka kwa jumuiya ya hisani, akarudi nyumbani na moyo mweupe. Jumuiya ikauza kwa uzito, mnunuzi akaichambua kwa daraja, ikafungwa belo, ikapanda meli, ikashuka Mombasa au Dar es Salaam. Imeondoka kama sadaka, imefika kama bidhaa. Sheria haina kipimo cha sadaka. Ni mfumaji gani atakayeshindana na mtu ambaye malighafi yake, mshahara wake na mashine zake vyote vimekwishalipwa na mvaaji wa kwanza? Hakuna mwenye nia mbaya katika mlolongo huo wote, na bado mwisho wake kitanda cha mfumi kimesimama. Kwangu mimi hili ndilo linaloonyesha kwamba dhulma ya biashara si lazima iwe na dhalimu.

Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, walipokutana Arusha, waliagiza uingizaji wa mitumba uondolewe hatua kwa hatua katika miaka mitatu. Rwanda ilipandisha ushuru mwaka huo kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao, kikisema kuwa hatua hiyo inakwenda kinyume cha masharti ya AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ya ushuru. Kenya ikajitoa mapema. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikakataa, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha huo. Ndani ya Rwanda nako kulikuwa na bei ya kulipa: wauza mitumba waliopoteza riziki, wanunuzi waliopoteza unafuu, na magendo kuvuka mpaka wa Kongo.

Linganisheni na mwaka 1816. Kisha linganisheni na Aprili 2025, Marekani ilipotangaza ushuru wa angalau asilimia 10 juu ya bidhaa za karibu dunia nzima, kwa hoja kwamba biashara ya wengine haikuwa ya haki. Sitaki kucheka, kwa sababu kicheko hakijibu swali. Kama ni haki kwa mkubwa kuukinga mche wake, ni haki zaidi kwa mdogo. Lakini unafiki wa mkubwa hauthibitishi kwamba mdogo ametenda vyema kwa mnunuzi wake. Hayo ni mambo mawili, na wanasiasa wetu hupenda kuyachanganya: wakishindwa kujibu la pili, hupaza sauti juu ya la kwanza.

Yupo mtu mmoja aliyekubali kutazamana na wale walioumizwa na kinga yake. Septemba 1931, akiwa Uingereza kwa mkutano wa kisiasa, Gandhi alikwenda Lancashire, akafika Darwen, mji wa viwanda vya nguo uliojaa watu wasio na kazi. Sababu moja ya kukosa kwao kazi ilikuwa mgomo wa Wahindi dhidi ya nguo za kigeni, na yeye ndiye aliyeuongoza. Aliketi nao, akawaeleza kwamba umaskini wa India ulikuwa mkubwa zaidi ya wao, nao wakampokea kwa furaha. Hakusema kwamba hawakuumia. Mgomo wake ulikuwa wa hiari, nao ni tofauti kubwa na ushuru, kwa kuwa aliyevaa khadi nzito na ghali alijua anamlipia nani na alichagua kulipa. Ushuru hauulizi. Umejificha ndani ya bei, na anayelipa hujua tu kwamba nguo imepanda.

Msimamo wangu basi ni huu. Ushuru wa kumlinda mfumaji naukubali, lakini si kama sadaka kwa mwenye kiwanda wala kama zawadi ya uzalendo. Naukubali kama deni. Mnunuzi amekopeshwa kwa nguvu. Fedha zake zimekwenda kwa kiwanda kwa ahadi kwamba siku moja kitafuma nguo bora kwa bei nafuu na kitawaajiri wanawe kwa mshahara wa kuishi. Deni lina mdai, lina mdaiwa, na lina siku ya kulipwa. Likikosa siku, si deni tena. Ni maks ile ile waliyoilaani wanazuoni, ingawa imevishwa bendera. Na kiwanda kinachokingwa huku kikiwalipa washonaji wake ujira usiofika mwisho wa mwezi kimevunja masharti pande zote mbili.

Mtu ataniambia kwamba maskini hana njia ya kudai deni hilo. Ni kweli, na hiyo ndiyo kasoro iliyopo. Kila Juni, wakati wa bajeti, Jumuiya ya Afrika Mashariki huchapisha katika gazeti lake rasmi viwango ambavyo nchi fulani imeruhusiwa kuvibadili kwa muda wa mwaka mmoja. Mwaka mmoja umeandikwa waziwazi. Juni inayofuata, bidhaa zile zile mara nyingi huandikwa tena kwa mwaka mmoja. Ushuru wa juu wa kawaida ulikuwa asilimia 25 tangu Umoja wa Forodha ulipoanza mwaka 2005. Julai 2022 kikaongezwa kiwango cha asilimia 35, nguo zikiwa miongoni mwa bidhaa zilizoingizwa humo. Makuti yanaongezwa juu ya kitalu. Sijaona mahali palipoandikwa umri wa miche.

Na ipo kanga, ambayo siwezi kuiacha katika jarida hili. Katika orodha ya bidhaa nyeti ya mwaka 2005 kanga, kikoi na kitenge zilipangiwa asilimia 50. Nani asingependa kanga ilindwe? Lakini tangu mwanzo kanga imekuwa kitu cha ajabu forodhani. Nakshi ilibuniwa kwa ladha ya wanawake wa Unguja na Mombasa, jina likatungwa na mtu wa hapa kwa Kiswahili, kisha kazi ikapelekwa kuchapwa Manchester, Uholanzi, Japani au Bombay, na kurudi kama bidhaa ya kigeni. Karani huhesabu pamba na rangi, na jina hupita bure. Aliyelitunga hakulipwa na mgeni, na kwa kadiri ninavyoona mambo yalivyo, halipwi na mwenye kiwanda wa nyumbani pia. Asilimia 50 zinakinga mashine inayochapa maneno ya mtu asiyetajwa. Wenye viwanda wakija mwaka huu kuomba kivuli kiongezwe, wako watu wawili ambao ningependa waitwe kikaoni na kupewa viti vya mbele: muuza mitumba wa Darajani, na mama mmoja kati ya wale wanaotunga majina ya kanga.